Betri ya kudumu au ya kuchaji kupitia ngozi? Kwa mtu wa Tanga anayesubiri kuwekewa kifaa

Mjomba wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, aliwekewa betri ya moyo, kile kifaa kinachousukuma moyo kwa umeme mdogo upige sawasawa, Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Wiki ya tatu tangu arudi akashuka kwenye bajaji mbele ya kibanda changu, shikamoo yangu akaiitikia nusu.

"Mjomba, wewe si fundi simu? Hebu niambie. Mbona mimi hawakunipa chaja?"

Kumbe alimwona kijana wa jirani akilaza simu juu ya kisahani, simu ikaanza kujaa bila waya. Akarudi ndani, akapapasa kile kivimbe chini ya mtulinga, akajiona amepunjwa. Simu ya mtoto inachaji bila waya, moyo wa mtu mzima hauna hata tundu la kuchomekea!

Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa. Tangu siku ile nimeulizwa karibu hilohilo na wawili wengine: dada yangu wa Makorora, ambaye mwanawe amepandikizwa kifaa cha kusikia, na mteja mmoja aliyerudi kutoka India na karatasi ya kumtaka achague kati ya aina mbili za kichocheo cha uti wa mgongo, kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu sugu. Cha kuchaji au cha kudumu? Nami nikaona niwaandikie wote kwa pamoja.

Mimi natengeneza simu na redio, sitibu watu. Kifaa gani kinafaa ugonjwa gani, hilo ni la daktari wako. Lakini daktari hatalala kwako siku yuniti za Luku zikiisha usiku, na upande huo ndio ninaouzungumzia.

Betri ya moyo: mjomba hakupunjwa

Kwa betri ya moyo ya kawaida, ile wataalamu wanayoiita pesimeka, huna cha kuchagua. Zote unazoweza kupewa leo zimefungwa ndani ya kasha la titani pamoja na betri yake, na hazichajiwi. Sababu ni hesabu tu. Kifaa hiki hula umeme mdogo mno, wastani wa maikroampea 10 hadi 20, na maikroampea moja ni sehemu moja ya milioni ya ampea. Chukua betri ya ampea-saa 1, ambayo ukubwa wake ni wa kawaida kwa vifaa hivi, igawe kwa maikroampea 10. Unapata saa 100,000, yaani miaka 11 na zaidi. Betri ya simu yako ya mAh 5,000, yaani ampea-saa 5, inayoisha kabla ya Magharibi, ingeweza kuendesha kifaa cha mjomba miaka 57 kama isingekufa kwa uzee wake kwanza.

Kichekesho ni kwamba alichokitamani mjomba kilishapita. Kifaa cha kwanza kabisa cha namna hii kupandikizwa mwilini, mjini Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958, kilikuwa cha kuchajiwa bila waya. Mhandisi Rune Elmqvist alikitengeneza kwa betri mbili za nikeli-kadimiamu na koili, yaani waya uliozungushwa duara, ya kupokea umeme kupitia ngozi, daktari Åke Senning akamwekea Arne Larsson. Kikafa baada ya saa chache, akawekewa cha pili. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 maishani mwake, na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, akiwa ameshawazika waliomwokoa, mhandisi na daktari wote wawili.

Katika miaka ya 1970 Marekani walirudia tena wazo hilo: mgonjwa anakaa karibu saa moja kila wiki na chaja kifuani. Lakini wakati huohuo betri ya lithiamu-iodini ya Wilson Greatbatch ilikwishaanza kutumika kwa watu, tangu mwaka 1972, nayo ilikaa miaka bila kuguswa. Nani atake kukaa saa nzima kila wiki akisikilizia moyo wake unajaa, wakati mwenzake anakwenda shamba? Cha kuchaji kikashindwa, na kilichokishinda si ubovu wa koili bali tabia ya binadamu. Lishike hilo, maana litarudi kwa yule mteja wangu wa India.

Gharama ya kifaa cha kudumu inakuja siku betri inapochoka. Hapo hawabadilishi betri peke yake kama ya saa ya ukutani. Kasha zima linatolewa, jipya linawekwa palepale, na nyaya zinazokwenda moyoni zinabaki kama bado nzima. Kifaa chenyewe hutoa alama mapema, kwa kawaida miezi mitatu hivi kabla hakijafika mahali pabaya, na alama hiyo huonekana kliniki wanapokisoma kwa mashine. Ndiyo maana nilimjibu mjomba hivi: "Chaja yako ni nauli ya basi." Kilometa 350 hivi mpaka Dar, kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Akikosa kliniki mbili kwa sababu anajisikia mzima, ndipo anapojikatia umeme mwenyewe.

Kishtua moyo, kile kinachoweza kurusha shoti ya jouli 30 hadi 40 moyo ukivurugika, kinafuata mkondo uleule: betri ya ndani, haichajiwi, ila kasha ni kubwa zaidi.

Jambo moja kabla sijamwacha mjomba. Kile kisahani alichokitamani ni adui yake mdogo. Simu za siku hizi zenye sumaku mgongoni, pamoja na visahani vyake, zinatakiwa zikae angalau sentimeta 15 kutoka kwenye kifaa, na sentimeta 30 zikiwa zinachajiwa bila waya. Sumaku inaweza kukifanya kifaa kibadili mwendo mpaka iondolewe. Kwa hiyo simu haikai tena kwenye mfuko wa shati wa kushoto. Mjomba ameihamishia mfuko wa kanzu ubavuni, upande wa kulia, na kila ikiita anaitafuta kama aliyepoteza funguo.

Kichocheo cha neva: hapa ndipo pa kukaa chini na kufikiri

Kichocheo cha uti wa mgongo kwa maumivu sugu, au cha ubongo kwa mtetemeko wa Parkinson, kinakula umeme mwingi kuliko betri ya moyo. Kwa hiyo kuna aina mbili za kweli, na mgonjwa huulizwa. Cha kudumu hukaa miaka 3 hadi 5 hivi, hutegemea nguvu kilichowekewa, kisha upasuaji wa kubadilisha. Cha kuchaji watengenezaji hukipa miaka 9, vingine 15, ila wewe unakilisha mwenyewe.

Kinavyolishwa si uchawi. Ni jambo lililojulikana tangu Michael Faraday mwaka 1831. Koili ya nje inapitishiwa umeme unaogeukageuka, unazaa usumaku unaopanda na kushuka, na koili iliyo chini ya ngozi, ikikutwa na usumaku huo, inazaa umeme wake. Hakuna kinachotoboa ngozi. Ila koili hizi zinataka kukaa uso kwa uso, kati yake sentimeta moja hivi. Ukiisogeza chaja vidole viwili pembeni, kinachofika ndani kinaporomoka na kinachobaki kinageuka joto. Kasha la titani nalo linakula sehemu yake. Kanuni za kimataifa za vifaa hivi hazitaki uso wa kifaa uzidi mwili kwa zaidi ya nyuzi 2, ndiyo maana chaja zenyewe hupunguza mwendo au kuzima zikipata moto. Na Tanga mwezi wa pili, saa nane mchana, chumba cha bati bila feni, usishangae chaja ikigoma. Chaji asubuhi.

Mteja wangu alishaamua kabla hajanijia: anataka cha kuchaji, "cha kisasa". Nikamuuliza maswali matatu. Simu yako huisha chaji mara ngapi kwa wiki? Akacheka. Nani nyumbani anajua kukufunga mkanda wa chaja mgongoni, mahali mkono wako haufiki? Akasema mke, lakini mke anafanya biashara, siku nne kwa wiki yuko Muheza. Na maumivu yakipungua, utakumbuka kuchaji kitu kisichokuuma tena? Hapo hakucheka.

Betri ya kuchaji ikiachwa ikazama kabisa inaumia. Vipo vichocheo ambavyo vikizama hivyo mara chache haviamki tena, na cha miaka 15 kinageuka cha miaka miwili. Kwa mgonjwa wa mtetemeko ni vibaya zaidi, kwa sababu kikizimika dalili hurudi, na mikono inayotetemeka ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kuishika chaja ikae sawasawa.

Kwa upande wa pili, usione cha kudumu kama njia ya mvivu. Kila kubadilisha ni kisu, kidonda, na hatari ya maambukizi, na kwa mtu wa hapa ni safari na gharama nyingine kila miaka michache. Kijana wa miaka 35 atakayetumia kichocheo kwa nguvu kubwa anaweza kuhesabu pasuzi sita au saba mbele yake. Huyo namwambia wazi: chukua cha kuchaji, uvumilie bei yake ya mwanzo, uwe unakichaji siku maalumu kila wiki kama unavyonyoa ndevu. Mzee anayeishi peke yake Pangani namwambia kinyume chake.

Yule mteja? Mwisho alichagua cha kuchaji, kwa sharti alilolitoa mkewe, si yeye. Mke ndiye anayeitunza chaja, na anaichaji yenyewe kabla ya kusafiri. Maana wengi hawalijui hili: chaja ya kichocheo ina betri yake ndani. Ikiwa imejaa, unaweza kujichaji umeme ukiwa umekatika mtaa mzima. Kwa hiyo sheria ya nyumba ni moja, chaja isilale tupu.

Kifaa cha kusikia: hapa huna betri ndani hata kidogo

Hiki ndicho kinachonigusa nyumbani. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017, na mtoto wa dada yangu ni mmoja wa waliofaidika. Watu wengi hudhani ndani ya kichwa chake mna betri. Hamna. Kilichomo ni koili, sumaku, saketi na uzi mwembamba wa elektrodi unaoingia kwenye koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio chenye umbo la konokono. Umeme wote na sauti yote vinatoka nje, kwenye prosesa, kile kifaa kinachoshika sauti, iliyokaa nyuma ya sikio, vinavuka ngozi kupitia kidude cha duara kinachoshikwa na sumaku. Hapa kuhamisha umeme bila waya si jambo la saa moja kwa wiki. Ni kila sekunde mtoto anapokuwa macho. Kidude kikibanduka, kimya palepale.

Na kinabanduka. Siku moja tulikitafuta nusu saa, dada anakaribia kulia, tukakikuta kimenasa kwenye mguu wa kitanda cha chuma, kimejibandika chenyewe kama konokono.

Uamuzi hapa ni wa betri za nje: zinki za kutupa, au lithiamu za kuchaji.

Betri ya zinki ni ile ndogo ya duara yenye kibandiko. Haina oksijeni ndani, huivuta kutoka hewani kupitia vitundu vidogo. Ukibandua kibandiko, ingoje dakika moja au mbili ipate hewa ndipo uifunge. Ukishabandua, imeanza kufa hata usipoitumia. Ni kama mgeni wa msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Mbili zinazotumika pamoja kwenye prosesa hukaa siku mbili, tatu. Uzuri wake ni kwamba hazimjui fundi umeme. Ukiwa na kasha la akiba, mgao wa wiki nzima haukuhusu.

Ubaya wake nimeuonja mwenyewe. Dada aliishiwa siku ya sikukuu, nikamtafutia betri kwenye duka moja mjini, saizi 675, ileile iliyoandikwa kwenye kasha lake. Nilijiona shujaa. Saa tatu baadaye mtoto akavua kidude, akamwekea mamake kiganjani: "Mama, imekufa." Tukaweka nyingine, ikafa vilevile. Betri hazikuwa feki. Zilikuwa 675 za shime-sikio la kawaida, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, na prosesa ya kupandikizwa inataka 675 za nguvu kubwa zilizotengenezwa kwa ajili yake. Saizi ni moja, vitundu vya hewa na uwezo wa kutoa umeme ni tofauti. Mimi fundi nilikuwa sijui. Tangu hapo dada anapiga picha kasha tupu na kumtumia anayekwenda dukani.

Lithiamu ya kuchaji inaishia siku hiyohiyo au kesho yake, halafu inarudi kwenye chaja. Inabidi iwe ya kampuni ileile ya prosesa, na baada ya kuchajiwa mamia ya mara inachoka, muda wake unapungua kama wa simu. Lakini watu wanaiogopa kwa sababu isiyo ya kweli, eti umeme wetu hautabiriki. Fanya hesabu. Betri hiyo ndogo, tuseme mAh 200 kwa volti 3.7, inabeba wati-saa 0.75 hivi. Pawabenki ya mAh 10,000 inabeba wati-saa 37. Toa karibu nusu ipotee njiani, bado unaichaji mara 25 au zaidi. Chaja nyingi za prosesa hizi zinachomeka USB, kwa hiyo pawabenki moja iliyojaa ni wiki tatu za kusikia. Sola ndogo ya taa mbili na tundu la simu inatosha kabisa.

Kuna kitu cha pwani hapa. Mtoto anayeishi karibu na bahari ataingia majini tu, hata umfunge. Prosesa nyingi zina kifuniko cha kuzuia maji, lakini ukikifunga kisipitishe maji hakipitishi na hewa, na betri ya zinki inakabwa roho. Ufukwe wa Raskazone mchana wa Jumapili unataka lithiamu. Hewa yenyewe ya chumvi na jasho inakula vituo vya betri, vinaota ukungu wa kijani. Futa kwa kitambaa kikavu kila jioni, na prosesa ilale kwenye kikopo chenye vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Si kwenye mchele. Mchele ni wa pilau.

Shauri langu kwa dada lilikuwa lithiamu mbili kwa kazi ya kila siku, na kasha moja la zinki za nguvu kubwa, halijafunguliwa, kwenye mfuko wa shule. Hilo la pili ndilo pesa inayouma, kwa sababu lina tarehe ya kuisha na unaweza kulitupa hujalitumia. Mwalimu naye alifundishwa kubadilisha. Ilimchukua dakika mbili kujifunza na anaifanya vizuri kuliko mimi.

Pampu ya moyo: waya ndio usalama

Wapo wachache waliowekewa nje ya nchi pampu inayousaidia moyo uliochoka. Hiyo hula wati 5 hivi, mchana na usiku. Linganisha na betri ya mjomba, ni mara laki moja hivi. Hakuna betri ya kuzika mwilini itakayobeba mzigo huo kwa miaka, kwa hiyo waya unatoka tumboni kwenda kwenye kidhibiti kiunoni na betri mbili kubwa. Kwa pampu iliyoenea zaidi, jozi hiyo hufika hadi saa 17, na kidhibiti kina betri ya akiba ya angalau dakika 15, yaani muda wa kubadilisha, si wa kwenda kutafuta.

Tundu la waya ni mlango wa wadudu, na kuogelea ndiyo basi tena. Ndiyo maana wanasayansi wanahangaika kuuondoa. Moyo wa bandia wa AbioCor aliowekewa Robert Tools huko Louisville mwaka 2001 ulipokea umeme kupitia ngozi, na betri yake ya ndani ilibeba nusu saa hivi. Aliishi nao siku 151. Mwaka 2018 Kazakhstan wagonjwa wawili waliwekewa pampu ya kulishwa bila waya kwa saa kadhaa. Ni mwanzo mzuri, lakini hujaweza kuletewa uchague. Ukiwa na mgonjwa wa pampu leo, unachagua nyumba. Chaja inataka soketi yenye ethi ya kweli, na miongozo yake inakataza kuchomeka mahali panapozimwa kwa swichi ya ukutani. Soketi zetu karibu zote zina swichi, na watoto wanapenda kuzichezea. Mwite fundi aweke soketi isiyo na swichi, na inveta yenye betri. Kwa siku inahitaji wati-saa 120 na kidogo za kupotea, na betri ya inveta ya volti 12, Ah 100, ukitumia nusu yake, ni siku nne. Ila daktari wa pampu aikubali kwanza inveta hiyo.

Usiku mmoja, saa mbili, umeme ukikatika

Ilitokea juzi, Ngamiani na Makorora kwa pamoja. Mjomba hakujua mpaka alipokosa taarifa ya habari. Mteja wangu alikuwa katikati ya kujichaji na akaendelea, chaja ikitumia ilichokuwa nacho. Kwa dada ilikuwa saa ya kulala ya mtoto: betri moja kwenye prosesa imebaki kidogo, nyingine iko kwenye chaja iliyozimika nusu. Alitoa pawabenki droo ya kabati, akaichomeka, taa ya kijani ikawaka. Mtoto akataka hadithi kwanza. Akasimuliwa gizani mpaka mwisho, akabandua kidude mwenyewe, akakiweka kwenye kikopo cha silika na kufunga kifuniko.